Baraza la Mahfoudha na Jiwe la Wayunani

Jirani yetu Mahfoudha hakuwa mtu wa kutishwa na hadithi. Mwaka 1964 alitolewa Unguja pamoja na mumewe Harub na binti yao Aliya, nyumba yao ikabaki nyuma, na sufuria ya wali ikabaki mekoni. Miaka miwili baadaye wakajaaliwa kujenga kijumba Qantab, pwani ya Omani, na jambo la kwanza alilolitaka ni baraza ya kukalia mlangoni. Nyumba isiyo na baraza, alisema, ni ghala.

Ufukweni palikuwa na jiwe jeupe la mviringo ambalo hakuna mvuvi aliyeligusa. Harub akaliviringisha mpaka mlangoni liwe baraza. Bibi Bakhita, mwenyeji wa pale, akaja mbio kuwaeleza habari zake: lilikuwa kipande cha nguzo ya hekalu la Wayunani wa kale. Karne kwa karne walilichomea sanamu lao ubani uliotoka huku huku Omani. Hekalu likaanguka, watu wake wakaisha, lakini kile kilichokuwa kikila moshi hakikuisha. Meli moja ililibeba jiwe lile ili isiyumbe, ikalitupa Qantab. Kalieni mkitaka, alisema Bakhita, ila moto msilisogezee.

Mahfoudha akamshukuru, akammiminia kahawa, akasahau. Ijumaa asubuhi alikuwa akifukiza kanzu ya Harub ya kwendea msikitini, kama walivyofanya kwao miaka yote. Sakafu ilikuwa mchanga mtupu na chetezo cha makaa na ubani kilikuwa kikipinduka, basi akakiweka juu ya jiwe. Moshi haukupanda. Ulishuka, ukaingia jiweni.

Ijumaa ya pili Harub alikuwa safarini, hapakuwa na kanzu ya kufukiza. Mchana ule kidole kidogo cha Aliya kikawa cheupe, kigumu, baridi kama sahani. Ijumaa ya tatu ukafuata mkono mzima. Ukiugonga, unalia.

"Mama," Aliya alinong'ona, "wa jiweni anasema umchomee kila Ijumaa. Ama sivyo atanchukua mimi."

Harub, aliyekwisha kurudi, alitaka wahamie mjini Ruwi saa ile ile. Bakhita alishauri wachome kidogo tu, maisha yapite. Mahfoudha akawasikiliza wote wawili, na hasira alizozimeza tangu Unguja zikampanda kichwani. Kuchoma ni kuabudu. Kuhama ni kufukuzwa mara ya pili.

"Nshatolewa nyumba moja kwa bunduki," alisema. "Hii sitoki kwa jiwe. Na mwanangu simtoi."

Akaumwaga ubani wote baharini. Akampakata Aliya, akaenda akakaa juu ya jiwe, jua la alasiri likiwaka. Akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Baridi ikampanda mapajani. Kiunoni. Kifuani. Chini yake kitu kikavuta pumzi. Meno yakamgongana, hakunyanyuka. Kitu kikamnong'oneza sikioni.

"Inuka."

"Inuka wewe," alijibu. "Miye nipo kwangu."

Adhana ya magharibi ilipotoka, Aliya akaanza kulia kuwa mkono unamuwasha. Mahfoudha akaushika. Ulikuwa na joto, na damu ilikuwa ikipita. Akaubusu, akalia kwa mara ya kwanza tangu waikimbie Unguja.

Asubuhi walikuta nyayo za vumbi jeupe mchangani, kutoka jiweni mpaka majini, kubwa kuliko za mtu. Mahfoudha alizifagia zote. Mmoja tu haukufagilika. Umezama kwenye saruji ya kizingiti, na vidole vyake vimeelekea ndani.

Mpaka leo, hapo ndipo Mahfoudha anapovulia viatu.