Kengele ya Mkamaji

Rafiki yangu Orysia ameacha kunywa maziwa, na simlaumu. Tulikuwa tunaandika kitabu cha historia ya kijiji chetu cha wakulima wa ngano, huku nyanda za Kanada, kabla sisi watu sita tuliobaki hatujaisha. Akaenda kwenye nyumba tupu ya bibi yake kuchukua picha ya wavunaji.

"Atakisoma nani, panya?" mjomba wake Metro alimtania akimshusha mlangoni. "Nakufuata saa tisa."

Saa nane dhoruba ya theluji ikaziba madirisha, giza likaingia mchana. Kando ya mlango wa mbele bado ilikuwepo kengele, imefungwa kwenye kamba iliyopenya ukuta kwenda nje. Zamani kamba ilifika zizini, na aliyekwenda kukamua kwenye dhoruba alirudi ameishika kamba hiyo asipotee, akaivuta mara mbili ili afunguliwe.

Kengele ikalia mara mbili. Orysia akajiambia ni upepo. Ikalia tena mara mbili, na kamba ikakwaruza ukuta kama iliyoshikwa na mtu mzito. Alikaa sakafuni, hakufungua. Ililia mpaka ikachoka.

Metro alifika dhoruba ilipotulia, akaingia kwa mlango wa jikoni.

"Mjomba, ile kamba imefungwa wapi huko nje?"

"Ifungwe wapi? Zizi liliungua wewe ukiwa mtoto. Hata ng'ombe hatujafuga tena."

Akafungua mlango wa mbele amwonyeshe. Kizingitini palikuwa na ndoo iliyojaa maziwa, na theluji iliyoizunguka ilikuwa inayeyuka.