Maharage ya Jana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidomo alimsaidia mama yake kwenye mgahawa wao wenye meza nne. Jina hilo alipewa na mama kwa kuwa kunyamaza hakukujua. Yeye aliosha sahani, mama akabandika sufuria. Maharage mapya yakishaiva, mama aliyachanganya na yale yaliyobaki jana. Alidai kwamba ya jana ndiyo yanayoyanogesha ya leo, na wateja walijilamba vidole bila kuuliza kitu.

Siku hiyo Kidomo alifunua sufuria ya jana. Maharage yalikuwa yamelala jikoni kwenye joto, juu yamefanya povu, na harufu yake ilimpanda puani.

"Mama, haya yamechacha."

"Yachemshe. Moto unaua kila kitu."

"Siyachemshi."

Mama aligeuka, mwiko mkononi. "Unasemaje?"

"Siyachemshi, mama, na hayaingii humu. Ukitaka, nipige." Aliifunika sufuria ya maharage mapya, akasimama mbele yake. Aliogopa, tena sana, lakini hakusogea.

Kabla mama hajajibu, bwana afya aliingia na koti lake jeupe. Mama akazidi kupandwa na hasira. "Leo tena? Hamnioni ila mimi? Ukinifungia, watoto wangu watakula nini?"

"Nakagua mtaa mzima, mama," alisema bwana afya kwa upole. Aliinusa ile sufuria ya jana, akakunja uso. "Haya umeshayachanganya na mapya?"

Mama aliuweka mwiko mezani.

"Bado," Kidomo alijibu. "Nimekataa."

Bwana afya alimgeukia mama. "Kama angekubali, ningepafunga hapa leo hii. Chakula kikishachacha, kukichemsha hakutoshi. Vijidudu vitakufa, lakini sumu viliyoiacha inaweza kubaki. Pika cha siku moja, mama."

Mama aliibeba sufuria hadi nyuma, akayamwaga maharage shimoni. Aliporudi, mteja mmoja, fundi viatu, alikuwa ameshapakuliwa maharage mapya, anaonja.

"Mama, leo utamu umepungua."

Mama alimtazama binti yake, kisha akamkazia macho fundi. "Huo utamu nimeumwaga, na haurudi. Anayekula kwangu amenikabidhi tumbo lake, na tumbo la mtu halichezewi. Ukiutaka wa jana, katafute kwingine."

Fundi alimaliza, akaomba sahani ya pili.