Kidumu cha Madereva wa Kashojwa

Venuste aliamka mapema, akasali, akafungua boneti ya gari lake kuukuu. Kijiti cha kupimia oili kilitoka kikavu tena. Akachota oili kwenye kidumu cha stendi, akajaza, akapakia maharagwe ya watu, akashika njia ya kwenda mjini Mbarara.

Kidumu kile kilikuwa cha wote. Madereva wa Kashojwa, kijiji cha kambini, wakimbizi kwa wakimbizi, walikubaliana hivi: aliyebakiza oili, iwe ya lori, iwe ya pikipiki, anamimina humo, aliyepungukiwa anachota. Umoja ni nguvu, walisema. Haya basi, nani angedhani umoja ungeua injini?

Karibu na Kakiika, kabla ya kuingia mjini, gari lilitoa moshi wa buluu, likaanza kugongagonga. Venuste alizima, akaegemea mlango, akalia. Mkewe Pulchérie na watoto walikula kwa gari hilo tu. Shamba hakuwa nalo, na kwao Burundi hakuna aliyembakia.

Wapita njia walilisukuma mpaka gereji ya Constance, fundi wa hapo. Alimwaga oili, akaipikicha vidoleni, akauliza imetoka wapi. Venuste akamweleza habari ya kidumu.

"Ssebo, bwana wangu, hii si oili, ni mchuzi," alisema Constance. "Kila injini iko na namba yake ya oili. Imeandikwa kwa kitabu ya gari. Hii yako imetembea sana. Mipira ya kuzuia oili imekauka, injini inavuja, inakula oili. Tafuta oili ya namba yako, ile imeandikwa ni ya injini zilizotembea sana. Usikimbilie nzito kupita namba hiyo. Asubuhi inachelewa kufika juu, vyuma vinasagana."

"Itapona?"

"Hapana. Vyuma vimekwisha kulika. Kugonga kutapungua, moshi hautaisha. Mzigo usipakie tena."

Constance akamtilia oili ya namba yake, na Venuste akarudi Kashojwa kama anayetoka mazikoni. Siku hizi anapima oili mahali tambarare kabla ya kuwasha, anaongeza ya namba yake tu, na anaibadilisha kwa wakati. Moshi umepungua, gari linatembea. Lakini linabeba watu wachache, na nyumbani wanakula mara moja kwa siku. Aliwaonya wenzake stendi waache kuchota kwenye kidumu. Wakasema amekuwa mchoyo.

Asubuhi moja Gisa, dereva mwenzake, alikuja kwenye kidumu. Gari lake lilikuwa limeanza kutoa moshi. Venuste akamshika mkono.

"Ndugu yangu, gari yangu imekwisha kufa nusu," alisema. "Yako bado. Lete kitabu yake, tusome namba."

Gisa alikiacha kidumu, akaenda kuleta kitabu.