Aliyetumwa na Wawili Walionuniana

Kiti cha wateja kilikuwa na joto.

Fundi cherehani alikishika akisogeze ukutani wapate nafasi ya kutandika miswala, na kiganja chake kikakuta lile joto linaloachwa na mtu aliyekaa muda mrefu akainuka sasa hivi. Mteja wa mwisho aliondoka kabla ya alasiri. Tangu hapo yeye alikuwa kwenye cherehani chake, na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, alikuwa jikoni akigombana na sufuria.

Angekuwa na wa kumwambia, angesema. Lakini mtu pekee mle ndani alikuwa mavyaa, na hao wawili walikuwa hawasemezani.

Tena si kule kununa kwa kitoto, leo midomo imebinuka, kesho mmeshasahau. Kununa kwao kungeweza kufunguliwa chuo. Kulianza siku mavyaa alipomtazama mkwewe anavyokanyaga cherehani huku tumbo limemtangulia, akasema mbele ya wateja, "Hicho kimeshakula mmoja. Kitakula na wa pili." Mimba ya kwanza ilitoka, ndiyo, mtaa mzima ulijua. Ila kuna maneno hayasemwi, na hilo ndilo lililokuwa mbele kwenye foleni. Fundi akakata uzi kwa meno, akainuka, na tangu siku ile hakumwambia mama mkwe wake hata "nipishe".

Mume ndiye aliyekuwa posta. Wamekaa watatu kwenye mkeka mmoja wanafuturu, mavyaa anasema, "Mwambie mkeo uji hauna sukari." Na mke, aliye umbali wa mkono, anajibu, "Mwambie mama sukari iko mbele yake." Mume anageuza shingo huku na huku kama feni. Alipokwenda kukaa itikafu msikitini kumi la mwisho la Ramadhani, wenye midomo walisema nusu kafuata ibada, nusu kafuata usingizi wa amani.

Sasa posta imefungwa, barua zipite wapi? Hapo ndipo walipoharibu. Mavyaa alikigeukia kiti cha wateja, kitupu, akakiambia, "Wewe uliyekaa hapo, mwambie mwenzio maji ya kuoga yamechemka." Fundi naye, asije akaonekana ameshindwa, akakitazama kiti hicho hicho. "Mwambie nimesikia."

Ikaanza kama kejeli, ikawa mazoea. Jioni baada ya jioni walimtuma mtu asiyekuwepo, wakimgeukia, wakimkazia macho, wakimngoja amalize kusikiliza, mpaka mmoja akiingia chumbani anakizunguka kiti kwa adabu, kama anayepita mbele ya mgeni.

Usiku ule ulikuwa wa kuamkia ishirini na saba, mmoja wa masiku ya witiri, yenye hesabu isiyo shufwa, ambayo watu hutafuta ndani yake Lailatul Qadri, usiku ulio bora kuliko miezi elfu, malaika wanaposhuka kwa idhini ya Mola wao na amani ikakaa mpaka alfajiri. Kununiana ni kununiana, lakini nani atakubali thawabu za umri mzima zimpite kwa ajili ya sukari? Wakakubaliana, kwa kupitia kiti, kwamba mavyaa ataomba dua na fundi ataitikia. Amina, waliona, haihesabiwi kuwa ni mazungumzo.

Chumba cha kushonea ndicho kilichokuwa na nafasi. Kanzu za Idi zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba nyuma yao, safu nzima ya mabega yasiyo na vichwa. Wakaswali. Mavyaa akainua mikono.

"Ewe Mola, mlinde mwanangu huko aliko."

"Amina," akasema fundi.

"Amina," ikasema sauti nyingine, nyuma yao.

Mikono ya mavyaa ikasimama hewani. Kisha uso ukamchanua. "Wameshuka," aliviambia viganja vyake, machozi yakimlenga. "Malaika wameshuka, wanatuitikia." Na kwa kuwa si kila siku mtu anapata malaika chumbani, akafungulia. Akaomba afya. Akaomba riziki. Akaomba magoti yake, kwanza la kulia, halafu la kushoto. Kila dua ikapata amina mbili, na ile ya pili, kila ikija, ilikuwa imesogea.

Fundi hakugeuka. Shingo ilikataa. Pua ndiyo iliyomwambia: harufu ya nguo iliyounguzwa kwa pasi, na pasi yake ilikuwa baridi juu ya rafu, anaiona.

"Ewe Mola, Wewe ni Msamehevu, unapenda kusamehe, basi tusamehe."

"Amina," akasema fundi, akangoja.

Kimya. Mavyaa akairudia dua ile, na tena kimya, isipokuwa kitu kama meno yanayosagwa taratibu. Malaika gani huyo, fundi akawaza, anayeitikia magoti na kuukataa msamaha, usiku wenyewe wa kuombea msamaha? Mdomo ukamtangulia akili kwa yale mazoea yao mabaya.

"Mwambie anyamaze," akanong'ona. "Mwambie asiombe tena."

Neno lilipokwisha kutoka ndipo alipojua amemtuma nani.

"Mama," ikasema sauti, na ilikuwa sauti ya mwana wa mavyaa, hata kikohozi chake kidogo cha mwanzo, "mkweo anasema ufunge mdomo. Anasema ulimi wako ndio uliomtoa wa kwanza."

Mavyaa alikauka. Mwanawe alikuwa msikitini, alimpelekea futari mwenyewe. Alijua, pale pale alijua, lakini kwake yeye hasira ilikuwa na mbio kuliko hofu. "Mwambie..." akaanza, kisha akauma ulimi.

Alichelewa. Kitu kile kilihitaji neno hilo tu.

"Fundi," ikasema sauti, sasa kisogoni pake, hewa yake ina joto lile lile la kile kiti, "mama anasema huyu wa pili nimchukue mimi."

Na ile tepu ya kupimia, aliyokuwa ameizoea shingoni kiasi cha kuisahau hata kwenye swala, ikateleza ikashuka begani, ikapita kifuani kama nyoka anayejua anakokwenda, ikamzunguka tumbo mara moja, taratibu, kwa ustadi, vile vile anavyowazungushia wateja wake, ikakutanisha ncha mbele ya kitovu, ikaanza kukaza, na nyuma yake kanzu zikawa zinasuguana kwenye kamba ilhali dirisha limefungwa, na kanzu moja ikaondoka kwenye safu ikiwa imejaa, mabega yamejaa, mikono imejaa, na mtoto aliyekuwa akimpiga mateke tangu magharibi akajikunja upande mmoja, akatulia, akatulia kabisa. Alitaka kupiga ukelele, akapata pumzi ya kunong'ona tu.

"Hachezi. Mtoto hachezi."

Hakumwambia mtu. Aliliambia tumbo lake.

Ndipo kipaza sauti cha msikiti kilipokoroma huko nje, na imamu, kwa sauti ya mtu aliyekesha, akaendelea na darsa yake. "Mnajua kwa nini hatuujui ni usiku upi? Mtume alitoka kuwajulisha watu, akakuta wawili wanagombana. Ujuzi wake ukaondolewa. Kwa ugomvi wa watu wawili tu, ndugu zangu."

Mavyaa alifumba macho. Kumgeukia mkwewe kulikuwa ni hatua fupi ya magoti juu ya mswala, na hayo magoti hayajawahi kuwa mazito vile.

"Anasema..." ikaanza sauti.

"Mwanangu," akasema mavyaa.

Fundi aligeuka. Walikuwa hawajatazamana machoni muda mrefu, na kila mmoja alishangaa jinsi mwenzake alivyochoka.

"Neno lile la cherehani lilinitoka kwa woga," mavyaa akasema. "Mimi nilizika wawili kabla ya mumeo. Nikikuona umeinama pale najiona mimi. Nilitaka kusema pumzika, nikasema lile. Nisamehe."

"Anasema hujui kuzaa," sauti ikasema, kwa haraka, kwa sauti ya mume, kisha kwa sauti ya mavyaa mwenyewe, kisha kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu. "Anasema nikaze. Anasema..."

"Nimemsikia mwenyewe," fundi akajibu, asiondoe macho yake kwa mavyaa. "Mama, nimekusikia. Nimekusamehe. Na mimi nisamehe, nilikuacha ukila peke yako na kuzungumza na kiti."

"Nimekusamehe, mwanangu."

Tepu ikalegea, ikaanguka miguuni. Ile kanzu ikapwaya, ikamwagika sakafuni. Wala hawakuthubutu kunyamaza. Walikaa wameshikana mikono, wakaongea moja kwa moja, mambo ya maana kwanza, kisha upuuzi, nani alimuoa nani, vifungo vinavyokatika, mpaka adhana ya alfajiri ilipopanda na mtoto akampiga mama yake teke la ubavu lililomtoa machozi ya shukrani.

Kiti walikichoma. Mtoto baadaye alizaliwa wa kike, mzima, mwenye sauti. Mume aliporudi kutoka msikitini alikuta wanawake wawili wasiofunga midomo, wanasemezana hata kutoka chooni, akasema bora angebaki itikafu. Hawakumweleza.

Kisha mchana mmoja, jua linawaka, mume yuko kazini, walikosana kidogo juu ya maji ya kumwogeshea mtoto. Mavyaa aliyaona ya baridi. Fundi aliyaona sawa. Mmoja akageukia ukuta, mwingine akageukia beseni, na kimya kikapita, si kirefu, kiasi cha kukunja kitambaa kimoja.

Mtoto akaacha kulia. Akainua macho juu ya mlango, akamchekea mtu.

"Haya," ikasema sauti ya mume kutoka pale juu, kwa upole, baada ya kikohozi kidogo. "Nani ananituma?"

Wakageukiana na kuanza kuongea wote kwa mpigo, juu ya maji, juu ya jua, juu ya chochote, wamekodoleana macho, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuvuta pumzi.