Lenzi za Mteja wa Kwanza

Haya yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, na mwenye makosa ni mimi.

Siku ile haikuwa na neno. Nilifungua duka la miwani, nikafuta meza, nikamhudumia mteja wa kwanza, mama mtu mzima aliyetaka kujaribu lenzi za kuvaa machoni. Alipolalamika zinamchoma ndipo nilipomwangalia vizuri. Mashina ya kope zake yalikuwa na magamba meupe, kama unga ulioganda. Nilijua ni utitiri, wadudu wadogo mno wanaoishi kwenye mizizi ya kope. Watu wengi tunao, na hawana shida mpaka wazidi. Wake walikuwa wamezidi. Nikamwambia atibiwe kwanza. Akazivua taratibu, akaninong'oneza, "Usizitupe, mwanangu. Zitapata mtu."

Kazini kwetu, lenzi ya kujaribia ikishaingia jicho la mtu, inatupwa. Nilikuwa naenda kuzitupa mdogo wangu alipoingia mbio. Yeye ni fundi cherehani. Lenzi zake zilikuwa zimepotelea kwenye sinki, na alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza jioni hiyo. Lenzi za namba yake, yaani nguvu inayofaa macho yake, zilikuwa zimeisha dukani, isipokuwa zile mbili mezani. Nikazisuuza, nikampa. Nikamwambia azitupe siku ileile, nikajiambia ni siku moja tu. Mungu anisamehe.

Baada ya wiki mbili alikuja na macho mekundu. Kila asubuhi kope zilimwasha, na lenzi zilimkwaruza kama zina mchanga.

"Si nilikwambia uzitupe siku ileile?"

"Zilikuwa zinaonyesha vizuri mno, dada." Akanisogelea. "Ila kuna mtu anatazama pamoja na mimi."

Nikacheka. Nilicheka kwa woga.

Nikamng'oa kope moja, nikaiweka chini ya hadubini. Walikuwepo, saba, wamebanana kwenye shina. Hilo ni la kawaida. Lakini vichwa vyote vilinielekea mimi. Nikakizungusha kile kioo chenye kope. Wakageuka. Nikazungusha tena. Wakageuka.

Sikumwambia. Nilimpa dawa ya kusafishia kope, nikamkataza lenzi, nikanyamaza kuhusu yule mama. Nikamtafuta kwenye daftari la wateja, maana nilimwandika kwa mkono wangu. Ukurasa wa siku ile ulianzia kwa mteja wa pili.

Dawa ilichelewa. Vidonda viliingia kwenye mboni, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia. Daktari akasema huenda asione tena vya kutosha kushona. Mdogo wangu hajui kazi nyingine, na hakuwahi kunilaumu hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililonimaliza.

Jana mchana nilimbadilishia bandeji mwenyewe, tabaka tatu kila jicho. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote: lenzi zilikuwa za mtu mwingine, nilijua ana nini, na nilimpa hivyohivyo.

"Najua," akanong'ona. "Alishaniambia."

"Nani?"

Akaugeuza uso wake uliofungwa, akautuliza mbele ya kifua changu.

"Usilie, dada. Kifungo chako cha tatu kimekatika. Vua blauzi nikushonee."

Nikatazama. Kilikuwa kimekatika.