Tunafahamiana Tu

"Hapana, hapana! Tunafahamiana tu."

Hayo ndiyo aliyosema Tetsuro mchana wa Jumapili, ndani ya mgahawa wangu, mbele za watu, huku ameshika glasi ya bia ambayo Mizue ndiye aliyemjazia. Niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Nilikuwa nageuza okonomi ya Mzee Tambi, ile chapati nene ya kabichi na mayai, kwenye chuma cha moto, nusura kabichi yote niimwage sakafuni.

Aliyeuliza ni huyo huyo Mzee Tambi. Na swali lenyewe halikuwa na ubaya wowote.

"Nyie wawili mnapendezana kweli. Mke na mume, eti?"

Tetsuro, mwanaume mzima aliyevuka arobaini, akapunga mkono mbele ya pua yake kama anafukuza nzi.

"Mke na mume wapi, mzee! Mtu kama huyu atanitaka mimi? Hapana, hapana. Tunafahamiana tu."

Watu wakacheka. Mizue naye akacheka, akaweka chupa chini, akaanza kugawa vijiti vya kulia. Lakini mimi nilimwona. Kile kicheko kiliishia mdomoni.

Ngoja niwaeleze hawa ni kina nani. Sisi ni watu wa mtandaoni, na Jumapili ile tulikuwa tumekutana ana kwa ana. Tuna baraza letu la kubishana kuhusu Kijapani chetu wenyewe, na hamna profesa hata mmoja humo. Kuna fundi wa lifti, ndiye Tetsuro. Kuna Mizue, anayekaa mapokezi kwa daktari wa meno. Kuna Mzee Tambi, mstaafu wa posta. Na kuna mimi Hatsue, muuza okonomi wa hapa Osaka, niliyezeeka na harufu ya sosi kwenye nywele. Tunabishana kwa nini sungura anahesabiwa kwa neno la kuhesabia ndege. Tunabishana kuhusu neno "hashi", ambalo ukiinua sauti mwanzoni ni vijiti vya kulia na ukiiinua mwishoni ni daraja, halafu sisi watu wa Osaka tunafanya kinyume, na watu wa Tokyo wanatuambia tumekosea. Tumekosea! Kwenye lugha tuliyonyonya kwa mama zetu! Kuna mtu alijitoa kwenye baraza kwa hasira ya hayo mambo, akarudi baada ya chakula cha mchana.

Kila mtu humo ana jina la kujifichia. Mimi ni Yai Bichi, Tetsuro ni Fundi Lifti, Mizue ni Biringanya. Walijuana humo humo. Biringanya ni mtu wa Toyama, ng'ambo ya milima kwenye theluji, na aliuliza kwa nini wagonjwa wanatabasamu kila yeye akiongea. Fundi Lifti akamjibu maelezo marefu kama gazeti, kwamba matamshi ya kwao hayana kosa lolote na asiyabadilishe. Mizue aliniambia siku ile alilia chooni kazini.

Tangu hapo imepita miaka minne. Jumamosi wanapika kwa Mizue. Mswaki wa Tetsuro uko kwenye kikombe bafuni kwa Mizue. Mizue akiugua, ni Tetsuro anayepeleka uji.

Utasema basi hao ni wapenzi, kelele za nini? Ndugu yangu, kwetu mapenzi yana mlango, na mlango huo unafunguliwa kwa mdomo. Mmoja anasimama, anasema: "Nakupenda, naomba tuwe wapenzi." Mwenzake anajibu. Hapo ndipo mnaanza. Hata mtoto wa sekondari anajua. Bila maneno hayo mtakula chungu kimoja mpaka meno yang'oke, bado hamjaanza kitu.

Na Tetsuro hakuwahi kuyasema.

Watu walipoondoka, Mizue alibaki kunisaidia vyombo.

"Acha hivyo, mwanangu. Wiki nzima umesimama kazini."

"Nimezoea, Mama."

"Umesikia alichosema yule?"

"Nimesikia. Si ndiyo ukweli?"

"Ukweli gani? Ile ni adabu tu! Wanaume wetu unawajua. Ukimsifia mkewe, anasema hajui hata kuchemsha maji. Ukimsifia mwanawe, anasema zuzu. Wanashusha cha kwao wasionekane wanajisifu."

Mizue akazima bomba.

"Mke, Mama. Wanamshusha mke. Lazima awepo kwanza ndipo ashushwe. Mimi niko wapi?"

Nikajifanya nakwangua chuma.

"Dada Kinue amenitafutia mtu kule Toyama," akasema. "Mgane, ana duka la misumari na rangi. Amenitumia picha. Ana uso wa mtu mpole."

"Na wewe unamtaka?"

"Simjui. Lakini ametuma mshenga, Mama. Ametamka kwamba anatafuta mke. Mshenga anataka jibu wiki hii, na nikisema ndiyo, Jumapili naenda kuonana naye. Ikienda vizuri, nahamia huko."

"Umemwambia Tetsuro?"

"Nimwambie kama nani wake?"

Akavaa koti taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Sijachoka kumpenda," akasema. "Nimechoka kutojua."

Jumatano, barazani, Mzee Tambi akaleta mada. Sijui mizimu gani ilimtuma.

Mzee Tambi: "Mjukuu wangu anafundisha wageni lugha. Mwanafunzi kamuuliza: Mjapani akipenda anasema neno moja tu, hasemi nani anampenda nani. Mnaelewanaje?"

Fundi Lifti hakukawia. Najua alikuwa kazini, huwa anaandika akisubiri lifti ishuke.

Fundi Lifti: "Hakuna haja ya kutaja. Wanaohusika wanajua. Ukimtajia mtu kila kitu ni kama unamwona mjinga. Kinachojulikana hakisemwi, ndiyo raha ya lugha yetu."

Watu wakammiminia vidole gumba. Halafu nikaliona jina la Biringanya.

Biringanya: "Na kama mmoja wao hajui?"

Fundi Lifti: "Anajua, Biringanya. Mazingira yanamwambia."

Biringanya: "Asante kwa maelezo."

Nilitaka kuitupa simu kwenye mafuta. Nikaandika: "Fundi, rudi kwenye lifti yako." Yeye akanitumia kikatuni cha paka anayecheka.

Jioni ukaingia ujumbe wa Mizue: "Mama, nimemjibu dada ndiyo. Jumapili napanda treni ya saa sita. Usimwambie mtu barazani. Nashukuru kwa yote."

Hakusema nisimwambie mtu kwa simu. Nikampigia Tetsuro.

"Mama Hatsue, niko juu ya lifti, nitakupigia..."

"Kaa huko huko juu unisikilize. Mizue anaenda kuolewa Toyama."

Nikasikia kitu cha chuma kinadondoka.

"Anaolewa? Na nani? Si yuko na mimi?"

"Nani kasema yuko na wewe?"

"Si... inajulikana."

"Inajulikana na nani, Tetsuro? Wewe ulimtamkia lini?"

"Mama, umri huu? Nisimame nyuma ya shule kama mtoto wa sekondari, na jasho mikononi? Sisi ni watu wazima. Nilidhani tumeshavuka hayo."

"Umevuka peke yako, mwenzako umemwacha ng'ambo. Na Jumapili ukamkana mbele za watu."

"Nilimkana? Ile ilikuwa adabu! Ningesema ndiyo ningekuwa najisifu. Yeye ni mtu wa aibu, nilitaka kumsitiri!"

"Ulimsitiri mpaka hakuonekana. Shauri yako. Treni ni Jumapili, saa sita."

Nikakata. Nilikuwa nimechoka, jamani. Watu wawili wanaojua tofauti ya kijiti na daraja kwa mlio tu, na hawawezi kuambiana jambo moja.

Sasa sikia alichofanya huyo mwerevu. Kila Jumamosi mchana tunakutana kwa sauti barazani, kila mtu anasoma sentensi kwa lafudhi ya kwao na wengine wanacheka. Watu walikuwa wengi siku hiyo. Mizue alikuwepo, kimya, nadhani alikuja kusikiliza mara ya mwisho. Mara Fundi Lifti akafungua kipaza sauti.

"Samahani, wanabaraza. Leo sisomi sentensi. Nina jambo na Biringanya. Biringanya, nakupenda. Naomba uwe mpenzi wangu."

Mungu wangu! Baraza likalipuka. Vikatuni vya mashada ya maua, fataki, mapaka yanayolia. Mtu wa Tokyo akasifia hata matamshi yake. Jina la Biringanya likazimika, akatoka bila neno.

Baadaye kidogo Tetsuro alinitumia ujumbe aliojibiwa na Mizue, bila kuongeza lake: "Ulinikana mbele za watu. Leo umenitaka mbele za watu. Tukiwa wawili hujawahi kuniambia lolote."

Nilimjibu: "Kasema kweli."

Jumapili asubuhi nilikuwa namenya vitunguu. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mizue na begi dogo. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala vibaya.

"Nimekuja kuaga, Mama. Na kula kidogo, treni bado."

"Kaa. Nakukaangia okonomi ya nguruwe na yai."

Sijamaliza hata kumimina unga, mlango ukafunguliwa tena. Tetsuro. Ovaroli ya kazini, grisi mpaka sikioni. Wala sikumwita mimi, alijua mwenyewe atampata wapi.

"Leo Jumapili, na unanuka grisi," Mizue akamwambia bila kugeuka.

"Lifti ilikwama kwenye jengo la wazee. Nimetoka huko moja kwa moja."

"Pole na kazi."

"Asante."

Mafuta yanalia kwenye chuma. Nikasema, "Mimi naenda nyuma kuchukua kabichi. Sisikii kitu." Nikasimama nyuma ya pazia nisikie vizuri.

"Mizue, samahani kwa jana."

"Ya jana nimesamehe."

"Na ya Jumapili ile?"

"Hiyo iliniuma. Nilikuwa nimekujazia glasi, Tetsuro. Nilikuwa bado nimeshika chupa."

"Nilidhani unajua."

"Nilikuwa najua nyumbani. Nikitoka mlangoni sijui tena. Dada akiniuliza una mtu, sina cha kumwambia. Miaka minne naosha mswaki wako, sina cha kumwambia."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Hata mimi nyuma ya pazia nilikuwa nataka kumuuliza hilo.

"Niliogopa utapunga ule mkono," akasema. "Nimechoka sana, Tetsuro. Hata hasira sina."

Nikasikia kiti kinasogea. Nikachungulia. Alikuwa amesimama, mikono imebana kwenye mapaja kama mwanafunzi, na kweli jasho lilikuwa linamtoka.

"Nakupenda, Mizue. Sijui kusema vizuri. Naomba uwe mpenzi wangu. Tafadhali."

Akainama. Akainama mno, paji la uso likielekea kwenye chuma cha kukaangia.

"Tetsuro, chuma kina moto!" Mizue akapiga kelele, akamdaka kola.

Wakabaki hivyo, yeye ameinama, mwenzake ameshika kola. Niliona mabega ya Mizue yanatikisika. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na safari hii kicheko kilifika machoni.

"Haya," akasema. "Nimekubali. Nami naomba unitunze."

Nikatoka na kabichi moja ambayo sikuihitaji.

Mizue akapiga simu Toyama. Sauti ya dada yake inasikika hata ukiwa barabarani.

"Umeshapanda treni?"

"Siji, dada. Nisamehe. Tetsuro amesema."

"Amesema? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Dada mtu akashusha pumzi ndefu.

"Sasa mshenga nimwambie nini? Watu wameshaandaa chai. Nitasema una mafua."

"Usimwambie nina mafua, dada. Mwambie nina mtu. Mwombe radhi kwa ajili yangu, nami nitakuja kuomba mwenyewe."

"Njoo naye huyo mtu, nimwone," dada akasema, akakata.

Nikawakaangia. Walikula, wote wawili wamechoka, mabega yamegusana. Saa sita ikapita, hakuna aliyetazama ukutani.

Ndipo akaingia Mzee Tambi na gazeti lake kwapani.

"Alaa! Fundi! Biringanya! Leo tena pamoja? Jana mimi sikuwepo barazani, nilikuwa hospitali na goti langu. Halafu bado mtaniambia nyie si chochote?"

Nikauona mkono wa Tetsuro. Ukapanda wenyewe, kwa mazoea, mpaka karibu na pua. Mizue naye akauona, akaacha kutafuna.

Mkono ukakaa hewani kidogo. Kisha ukashuka taratibu, ukatua juu ya mkono wa Mizue, na grisi yake yote.

"Ni mpenzi wangu, mzee," Tetsuro akasema. Sikio lilikuwa jekundu kama tangawizi nyekundu ya siki.

"Enhe! Tangu lini?"

"Tangu leo."

"Tangu miaka minne," Mizue akasema, akamsogezea maji. "Yeye ndiye amefika leo. Kula, Tetsuro, inapoa."