Kioo Kisichokauka

Kioo hakikukauka. Roukia alikuwa amekiosha asubuhi, akakiegemeza ukutani uani kwake, mtaa wa Ampisikina, kwenye jua la mji wa Mahajanga linalokausha shuka kabla mtu hajamaliza kukamua ya pili, na alasiri kilikuwa bado kinachuruzika maji. Alikitazama, akapiga mwayo, akarudi kwenye karai. Mwaka wa ishirini huu anawafulia Wafaransa, na uchovu umemwingia hadi kwenye mifupa. Hakuwa na nguvu za kubishana na kioo.

Vioo vilikuwa kumi na viwili, vimeletwa kwa sanduku kutoka kijiji cha Marodoka, kisiwani Nosy Be, baada ya paa la nyumba ya marehemu baba yake kuanguka. Baba huyo, Mroivili, alikuwa mpiga picha wa kwanza wa vijiji vile, enzi ambazo picha ilinaswa juu ya kioo. Watu wakivuna mpunga, wanawake wakichuma maua ya langilangi, arusi, tohara. Ila kwenye kila kioo mtu mmoja alikuwa amefunikwa kwa rangi nyekundu, kichwa hadi miguu.

Roukia hakujiuliza mara mbili. Mama yake alifariki siku ile ile ya kumzaa, na miaka arobaini na minane amekuwa akiwatazama wanawake wa watu na kukisia: pua ile? Macho yale? Basi akaamua kwamba baba alimfunika mkewe kwa uchungu. Na kama kuna kazi Roukia anaijua, jamani, ni kutoa madoa.

Rangi ilitoka kwa maji baridi na kitambaa. Chini yake alikuwa mwanamke yule yule kwenye vioo vyote, amepaka liwa ya msandali mashavuni, anamtazama. Wengine wote walikuwa wamegeuka, kama ilivyo picha ya kioo kabla ya kuchapwa karatasini: nyuso zao nyeusi zimekuwa nyeupe, kanzu nyeupe zimekuwa nyeusi. Yeye peke yake alionekana sawasawa, kama mtu aliyesimama mlangoni.

"Mama," Roukia akasema, akalia kwa furaha.

Tangu hapo harufu ya liwa haikutoka uani. Nguo alizoziacha zimelowekwa alizikuta zimekamuliwa. Akiinama kufua alisikia nyuma yake mtu mwingine akifua, kwa mwendo wake yeye, akipumzika anapopumzika. Hakuogopa. Ndiyo mara ya kwanza maishani mtu anamsaidia.

Siku ya nne, baada ya sala ya Ijumaa, akaja Ami Mahamoud, mzee aliyekuwa akimbebea Mroivili kamera. Alichukua kioo kimoja sandukuni, akakielekeza kwenye mwanga.

"Rangi iko wapi?"

"Nimeiosha, ami. Nilitaka kumwona mama."

"Mama yako hakupigwa picha hata siku moja. Alikataa."

"Basi huyu ni nani?"

"Huyu nani? Hapa hapana mtu." Akampa kioo. Mahali pa yule mwanamke palikuwa patupu. Mzee alinong'ona: "Tukipiga picha hatukumwona. Tulimkuta kwenye vioo. Kwenye kioo kila binadamu hugeuka, Roukia, mweusi akawa mweupe. Asiyegeuka si mwenzetu. Baba yako alimpaka rangi, akasoma dua, ili asitoke."

Vyote kumi na kimoja vya sandukuni havikuwa naye tena. Kikabaki kile cha ukutani, ambacho bado kilikuwa kinachuruzika. Mzee akakiinua, na Roukia, aliyekuwa amerudi kuinama kwenye karai lake, akaona ndani yake mwanamke ameinama anafua, nywele nyeusi tii pale zilipo mvi zake yeye Roukia, uso mweupe wenye kovu lake mwenyewe la kidevuni, naye akataka kupiga kelele lakini harufu ya liwa ikamjaa puani, mkono wa baridi ukatua begani taratibu, na sauti aliyoisubiri tangu azaliwe ikamwambia sikioni, kwa upole ambao hakuna mtu aliyewahi kumpa, "Umechoka, mwanangu. Nipe mimi hizi nguo."

Alijua si mama yake. Alijua kabisa, lakini alikuwa amechoka.

"Haya, mama," akasema.

Akatazama mikono yake ndani ya karai. Ilikuwa imekuwa myeupe, na povu la sabuni juu yake lilikuwa jeusi.